Bakteria wanaoliandaa zao kabla joto kali halijafika

Joto likipiga mahindi wiki ile ya mbelewele, hasara yake huioni siku hiyo. Shamba bado la kijani, mmea umesimama, mchana majani yanajikunja na jioni yanafunguka, unasema ahaa limepona. Unakuja kujua siku ya kuvuna, unamenya hindi unakuta punje chache huku chini, katikati mapengo, juu gunzi tupu, na mbolea uliweka na palizi ulipiga. Kilichotokea ni kwamba chavua ilikufa kwa joto, au ndevu zilikauka kabla hazijaipokea, na punje ambayo haikuchavushwa haitakuja kuwepo hata ukimwaga urea gunia zima.

Na sio hisia za wakulima tu. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na David Lobell walichapisha uchambuzi wa majaribio ya mahindi zaidi ya 20,000 yaliyofanyika Afrika, wakaona kwamba kila nyuzi moja inayozidi 30 kwa siku nzima inakata mavuno ya mwisho kwa asilimia 1 kama maji yapo, na kukiwa na ukame inakata asilimia 1.7. Hizo zinajumlishana msimu mzima. Kwahiyo mtu wa Kongwa au Makueni anayesema mvua ilikuwepo lakini mahindi hayakujaza, usimbishie, maji na joto ni matatizo mawili tofauti hata kama mara nyingi yanakuja pamoja.

Sasa kwenye hili suala la joto kuna kitu kimekuwa kikisemwa sana, kwamba kuna bakteria wa kwenye udongo wanasaidia mazao kuvumilia jua kali. Ni kweli. Ila namna inavyoelezwa watu wengi wanaondoka na picha mbaya, wanadhani bakteria wanapooza mmea, au ni aina fulani ya booster ya kupuliza shamba likishaanza kunyauka. Hapana, na ukielewa vibaya hapo utapoteza hela yako. Hawa bakteria hawapunguzi joto hata nyuzi moja. Wanachofanya ni kuuandaa mmea MAPEMA, joto likifika linaukuta tayari. Hilo neno mapema ndo makala yote hii.

Tuanze chini kabisa. Gramu moja ya udongo wenye afya inaweza kuwa na bakteria mpaka bilioni moja, na hawajasambaa sawasawa, wamejazana pale mzizi unapogusana na udongo. Ng'oa mmea wowote taratibu uone ule udongo unaobaki umeng'ang'ania kwenye vijizizi vyembamba hata ukikung'uta, hapo ndo penyewe. Mjerumani Lorenz Hiltner alishaueleza ukanda huu mwaka 1904. Wamejazana hapo kwa sababu mmea wenyewe unawalisha, sehemu ya sukari ambayo majani yametengeneza kwa jua inashushwa mizizini na kumwagwa nje pamoja na asidi na vitu vingine, inaweza kufika hadi karibu sehemu ya tano ya kile mmea ulichotengeneza. Mmea hautoi chakula chote hicho bure. Unawavuta vijidudu fulani, na baadhi yao wanalipa kwa nitrojeni, wengine wanayeyusha fosifeti iliyoshikwa na udongo, wengine wanazuia magonjwa, na wapo wanaoingia kabisa ndani ya mzizi na kuishi katikati ya seli bila kuleta ugonjwa wowote.

Hao wanaoingia ndani ndo wanaonivutia zaidi, na mfano niliousoma kwa makini kuliko yote unatoka Saudi Arabia.

Kusini kabisa mwa Saudia, upande wa Jizan karibu na Yemen, kunaota kichaka cha jamii ya mnili kinaitwa Indigofera argentea. Jangwa lile joto lake linajulikana na mvua ni ya kuhesabu. Watafiti wa chuo cha KAUST, kile kilichopo Thuwal pwani ya Bahari ya Shamu kaskazini ya Jeddah, wana mradi wao unaitwa DARWIN21 wa kukusanya bakteria wanaoishi na mimea ya jangwani, chini ya profesa Heribert Hirt. Wazo lao ni zuri na rahisi kulielewa: mmea unaoishi pale peke yake hauwezi kuwa peke yake kweli, lazima kuna wanaousaidia. Kwenye vinundu vya mizizi ya kile kichaka wakapata bakteria wakampa jina la SA187, ni wa kundi la Enterobacter. Wakamweka kwenye mimea mingine ambayo haijawahi kuona jangwa, na ikavumilia.

Walianza na chumvi. Kwenye utafiti waliotoa 2018 mmea wa maabara uliopewa SA187 uliendelea kukua kwenye chumvi ambayo wenzake walidumaa, na shambani majani ya mifugo ya alfalfa yaliyomwagiliwa maji ya chumvi yalitoa mavuno zaidi kuliko yale yasiyopakwa. Halafu mwaka 2021 wakatoa utafiti wa joto, wakatumia ngano maabara na ngano shamba la wazi, na kote ngano yenye SA187 ilihimili joto vizuri zaidi. Hapo kwenye shamba la wazi pana uzito wake maana vitu vingi sana vinafanya kazi kwenye chupa ya maabara na vikitoka nje vinakufa.

Swali ni kivipi. Bakteria asiyeonekana kwa macho, amekaa mzizini, anafanyaje jani lihimili nyuzi 44?

Hapa inabidi tuingie ndani ya seli kidogo, usiogope. Joto likizidi, mmea unaumia sehemu kadhaa kwa mpigo. Ngozi ya seli inalegea na kuvuja. Protini ambazo kazi yake inategemea umbo lake zinapoteza umbo, zinagandamana, hazifanyi kazi tena. Mtambo wa kutengeneza sukari unapunguza kasi maana kimeng'enya kinachouwasha hakipendi joto kabisa. Na juu ya yote hayo zinazalishwa kemikali kali za oksijeni, moja ni haidrojeni peroksaidi, zinaenda kuunguza chochote kilicho karibu.

Mmea una kinga yake ya asili. Ukihisi joto unawasha jeni maalum, zinatengeneza protini za joto ambazo kazi yake ni kuzishika zile protini nyingine zisigandamane na kuzirudisha kwenye umbo, pia vimeng'enya vya kuvunja ile peroksaidi. Tatizo ni muda. Joto likija ghafla, kinga inaanza kutengenezwa wakati uharibifu umeshaanza. Lakini, na hii imejulikana muda mrefu, mmea ukipata kwanza joto la wastani, tuseme nyuzi 37, ukapumzika, kisha ukapigwa na 44, unapona vizuri zaidi kuliko ule ambao umekutana na 44 moja kwa moja. Umekumbuka. Hauna ubongo lakini umekumbuka kwa siku kadhaa.

Kumbukumbu hiyo inakaa kwenye namna DNA ilivyofungwa. DNA ndani ya seli haielei tu, imezungushiwa kwenye protini zinaitwa histoni, na juu ya histoni mmea unaweza kubandika alama za kikemikali. Kuna alama moja ambayo ikiwepo kwenye jeni, hiyo jeni inakuwa kama mlango uliorudishiwa bila komeo, ukisukuma kidogo umefunguka. Baada ya joto la kwanza mmea unabandika alama hizo kwenye jeni zake za joto, ndo maana joto la pili likija jeni zinawaka haraka na kwa nguvu. Siku zikipita bila joto alama zinaondoka na mmea unasahau.

Sasa kile ambacho timu ya KAUST waliona, na mimi hapa ndo nilikaa nikasoma mara mbili, ni kwamba mmea wa maabara wenye SA187 ulikuwa na zile alama TAYARI, kwenye jeni kama APX2 inayohusika na kuvunja peroksaidi na HSP18.2 ambayo ni protini ya joto, na zilikaa hapo muda wote. Yaani mmea ambao haujawahi kuonja joto kali ulikuwa umejipanga kama ule ambao umeshapitia. Bakteria alikuwa ameuweka kwenye hali ya kukumbuka joto ambalo bado halijaja.

Na njia anayotumia ni gesi ambayo kila mtu aliyewahi kuvundika ndizi ameitumia bila kuiona, ethilini. Ile inayoivisha ndizi ukizifunika pamoja ndo hiyo hiyo, kwa mmea ni homoni. SA187 akiwa ndani ya mmea anatoa kitu kinaitwa KMBA kwa kifupi, mmea wenyewe unakigeuza kuwa ethilini, ethilini inaamsha protini moja inaitwa EIN3, na EIN3 inaenda moja kwa moja kuiwasha jeni ya HSFA2 ambayo ndo msimamizi wa hizo kumbukumbu za joto. Walithibitisha kwa kutumia mimea yenye kasoro, ile isiyoweza kuhisi ethilini, na ile isiyo na HSFA2, wakaipa bakteria yule yule na faida haikuonekana. Hiyo ndo namna nzuri ya kuthibitisha njia, unakata kiungo kimoja kimoja katikati uone kama mnyororo bado unavuta.

Hapa lazima nitoe tongotongo moja maana linachanganya hata watu wa kilimo waliosoma. Ukisoma kuhusu bakteria wa udongo utakuta sehemu nyingi imeandikwa kwamba wanasaidia kwa KUPUNGUZA ethilini. Hiyo inatokana na kazi ya miaka mingi ya Bernard Glick na wenzake kule Canada, walionyesha kwamba bakteria wengi wana kimeng'enya kinachokula malighafi ambayo mmea unaitumia kutengeneza ethilini, ethilini ikipungua mizizi inaendelea kurefuka na majani hayazeeki haraka. Halafu hapa nakwambia SA187 anaiongeza. Mbona wanapingana? Hawapingani. Mmea ukiwa kwenye shida kubwa unamwaga ethilini nyingi kupita kiasi, hiyo inausimamisha kukua na kuangusha majani na maua, na bakteria wa aina ya kwanza wanaokoa kwa kuipunguza. Ethilini kidogo ya mapema, kabla ya shida, kazi yake ni kuwasha kinga. Kiasi na wakati, hiyo ndo tofauti. Na ndo maana siamini mtu akikwambia bakteria wote wazuri wanafanya kazi moja, kila aina ina njia yake, kuna wanaotengeneza ute unaoshika unyevu karibu na mzizi, kuna wanaotoa homoni za kukuza mizizi ili ifike chini kwenye ubaridi, na wengine wanafanya mawili matatu kwa pamoja.

SA187 sio peke yake pia. India, kwenye ukanda wao mkavu, watafiti walitoa bakteria wa kundi la Pseudomonas kwenye mizizi ya mbaazi, wakampaka kwenye mbegu za mtama. Matokeo waliyochapisha 2009 ni kwamba miche ya mtama kwenye joto la nyuzi 47 hadi 50 mchana ilikufa ndani ya siku 5 kama haina bakteria, yenye bakteria ilifika siku 15. Angalia vizuri ni mazao gani hayo, mbaazi na mtama, vitu ambavyo Dodoma, Lindi na Kitui vipo kila kona. Hiyo kwangu inamaanisha bakteria wa namna hii huenda wapo chini ya miguu yetu, kwenye mbaazi za Babati na mtama wa Singida, wanasubiri mtu awachukue, awapime, awajue. Natamani sana hela za utafiti ziende huko, vyuo vyetu vina maabara na vina vijana, na mimea inayoishi kwenye joto letu tunayo tele.

Kwa sasa ukienda duka la pembejeo hapa Afrika Mashariki ukaomba bakteria wa joto hautapata, utakachokutana nacho zaidi ni rhizobia, wale wa mikunde wanaoleta nitrojeni. Na hao sio wageni kwetu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza bidhaa ya rhizobia inaitwa Biofix zamani, wakabeba bakteria kwenye masalia ya kiwanda cha sukari, baadae kampuni ya MEA ikaanza kuizalisha kibiashara. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) pale Morogoro walikuwa na ya kwao, Nitrosua. Mradi wa N2Africa ulioanza 2009 ulisambaza matumizi ya rhizobia kwenye soya, maharage, karanga na kunde nchi nyingi. Kwahiyo ujuzi wa kupaka mbegu bakteria upo, na wa joto wakija watapita njia hiyo hiyo, ndo maana inafaa tuijue vizuri na matatizo yake.

Tatizo la kwanza ni ubora, na hapa nasema kwa uchungu. Utafiti uliotoka 2015 ulipima bidhaa 65 za bakteria zilizokuwa zinauzwa, nyingi kwenye masoko ya Afrika, ikakutwa asilimia 37 tu ndo safi, nyingine zina bakteria ambao hawahusiki, na karibu asilimia 40 hazikuwa kabisa na wale walioandikwa kwenye pakiti. Mkulima ananunua, anapaka, haoni kitu, anasema bakteria ni uongo. Sio bakteria, amenunua vumbi. Bidhaa ya bakteria ni kitu hai, ina tarehe ya mwisho, inahitaji kivuli na ubaridi, na ukiikuta imepangwa juani mlangoni mwa duka iache hapo hapo, uliza nyingine au ondoka.

La pili ni sisi wenyewe shambani. Mbegu iliyopakwa dawa ya fangasi, ile yenye rangi nyekundu au ya kijani, inaweza kuwaua bakteria kabla hawajaishi hata siku moja, kwahiyo soma lebo kama vinaendana. Kupaka kwenyewe ni hivi, mbegu kwenye beseni, unanyunyizia maji yenye gundi au sukari kidogo mpaka ziwe na unyevunyevu lakini zisiloe, unamwaga unga wa bakteria kwa kipimo cha pakiti, unageuza taratibu kwa mkono bila kuzichubua mpaka kila mbegu iwe na koti jeusi, unaanika KIVULINI dakika chache, unapanda siku hiyo hiyo na kufukia haraka. Udongo uwe na unyevu. Ukizipanda kwenye vumbi kavu la moto ukasubiri mvua wiki mbili, wengi watakuwa wameshakufa. Na usichanganye moja kwa moja na DAP kwenye shimo, chumvi ya mbolea inawaunguza, tenganisha kwa udongo kidogo.

La tatu watu hawalifikirii kabisa. Udongo uliobaki uchi mchana wa Januari au Februari unachemka, sentimita chache za juu zinaweza kupita nyuzi 40, na rhizobia wengi wa maharage hawapendi hata 35, vinundu havitungi. Kwahiyo bakteria anayetakiwa kusaidia mmea naye anahitaji kusaidiwa. Matandazo ya mabua yanashusha joto la udongo, samadi iliyooza inawapa chakula na makazi, na kuchoma mabua baada ya kuvuna kunaondoa vyote viwili. Hili unaweza kuanza nalo msimu huu bila kununua chochote, na linawasaidia pia wale wenyeji ambao hakuna aliyewapa jina bado.

Na kuna kitu bakteria hawawezi. Hawaleti maji. Mmea unajipooza kwa kutoa jasho kwenye vitundu vya majani, maji yakiisha chini vitundu vinafungwa na jani linapanda joto haraka sana, hapo hata kinga iwe imeandaliwa vipi kuna mahali inafika mwisho. Hawabadilishi pia kalenda, ukipanda mbegu ya muda mrefu ambayo mbelewele zake zinaangukia kwenye wiki za moto kuliko zote, umejitafutia shida ambayo bakteria atapunguza makali yake tu. Mbegu inayofaa eneo lako na kupanda kwa wakati vinabaki vya kwanza.

Nani atauza kwanza bakteria wa joto huku kwetu, na atakuwa wa jangwani Saudia au wa kwetu, hilo litategemea majaribio kwenye udongo wetu, maana aina inayong'ara kwenye udongo mmoja inaweza kushindwa kwenye mwingine ikikutana na wenyeji mabilioni wanaogombania ule ule mzizi. Hawa wa kundi la Enterobacter wanahitaji pia kuchunguzwa usalama wao kwa makini kabla ya kusambazwa, maana kundi hilo lina ndugu wanaosababisha maambukizi hospitalini. Hiyo sio sababu ya kuwakataa, ni sababu ya kudai vipimo na usajili rasmi kabla mtu hajakuletea chupa isiyo na lebo.

Siku ikifika ukaletewa, au hata sasa kwa rhizobia wa soya yako, fanya hivi. Usipake shamba zima. Acha mistari mitano sita katikati bila kupaka, mbegu ile ile, mbolea ile ile, siku ile ile, na hiyo isiyopakwa panda kwanza kabla mikono yako haijashika unga, la sivyo utawahamisha. Weka vijiti vya alama. Kwa soya ng'oa miche michache ikianza kutoa maua, chimba usivute, pasua kinundu kwa kucha, ndani kikiwa na rangi ya waridi au wekundu kinafanya kazi, kikiwa cheupe au kijani hakijafanya au kimeshachoka. Halafu siku ya kuvuna pima pande zote mbili kwa ndoo ile ile, andika kwenye daftari pamoja na tarehe zile za joto kali, umpelekee bwana shamba wako namba hizo.